Pua ya Utambi Dirishani kwa Garrod

Habari hii ilitaka mtu mwenye mpangilio, na mimi sina. Nikianza mwanzo nitaruka katikati, nikifika mwisho nitarudi kuchukua kofia niliyoisahau. Basi mnisamehe kabisa tangu sasa, na atakayeona naiharibu aje aisimulie yeye, mimi nitamshikia kikombe. Kijiwe chetu ni benchi moja la mwaloni, mguu mmoja umeinuliwa kwa tofali, mbele ya meza ya kahawa ya Mama Skeels, London, kwenye kona ambako upepo wa mtoni huleta harufu ya lami na ya mikunga inayokaangwa. Ng'ambo ya barabara, hatua kumi na mbili tu, lipo dirisha la duka la picha za chapa la Bwana Garrod. Ukitaka picha uende nayo nyumbani ni shilingi. Kuitazama dirishani ni bure, na sisi ni watu wa bure. Mwaka huu Wafaransa wamemkata mfalme wao kichwa, na wa kwetu ameanza kufunga kola mpaka juu. Dirisha zima lilikuwa la mtu mmoja: Tobias Wrenfield, mwandishi wa kijitabu kilichosema kwamba mfalme huzaliwa uchi kama mtoto wa muuza samaki, na kwamba Mungu husikia hata asipoitwa na askofu. Mwenyewe alishakimbilia Paris siku nyingi. Lakini pale dirishani alijaa tele: ana mapembe, amembeba shetani mgongoni, anauzima mnara wa kanisa kama mtu anayezima mshumaa, anauza mataji kwenye toroli kama viazi. Na pembeni, kwa ajili ya wale wanaompenda, palikuwa na picha moja ya heshima, amevishwa majani ya ushindi kichwani, macho yameelekea mbinguni. Zote hizo, za kumtukana na za kumtukuza, zilikuwa na pua moja.

Pua yenyewe tuliijua. Ilikuwa ya Silas Crimble, mtengeneza mishumaa, ambaye sisi tunamwita Utambi.

Jumamosi moja ya Juni, saa nne asubuhi, tulikuwa watatu benchini. Alikuwapo Hezekiah Mudge, mbeba makaa, jina lake la kijiweni Askofu, kwa sababu aliwahi kupeleka gunia la makaa nyumbani kwa askofu na tangu hapo anajua mambo yote ya dini. Alikuwapo Phineas Lark, Wino, anayezungusha mtambo wa kuchapa kwa Garrod na ambaye vidole vyake havijawahi kuwa vyeupe tangu abatizwe. Na nilikuwapo mimi, mchekeshaji wa jukwaani, ambaye wananiita Domo. Utambi akaja mbio, koti kalivuta mpaka machoni.

Utambi: Niambieni ukweli. Itazameni ile picha ya toroli, halafu nitazameni mimi. Mnaona nini?

Askofu: Naona toroli.

Utambi: Puani, Askofu! Puani!

Askofu: Aa, pua. Pua ni ya kwako, ndugu yangu, hilo halina mjadala. Hata ule mgongo wake pale juu, kama daraja lililojengwa na mlevi.

Wino: Na ile chunjua ubavuni. Mimi nimeichapa mara elfu mbili. Nikifumba macho naiona.

Utambi: Alhamisi bucha mmoja kanirushia kabichi. Kapiga kelele, "Mungu mlinde mfalme!" halafu paa, sikioni.

Mama Skeels: Ukafanya nini, baba?

Utambi: Nikaiokota, nikaenda kuipika. Jana kaja fundi viatu. Huyu kapiga magoti dukani kwangu, kanibusu mkono, machozi yanamtoka, "Asante kwa kutuandikia sisi wanyonge."

Mimi: Nawe ukamwambia nini?

Utambi: Nikamuuzia mishumaa sita. Lakini sikilizeni! Kabichi navumilia, busu navumilia. Leo saa sita naangamia.

Akaketi. Benchi likalia kwenye lile tofali. Akatueleza, na hapa sikufanya mzaha, maana sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Binti yake, Dorcas, ameposwa na kijana Amos Ottway wa Stoke Pelling, huko Kent. Ndoa imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili. Ya tatu ni kesho. Sasa baba wa bwana harusi, Jabez Ottway, mzee wa kanisa, mtu wa sala asubuhi na jioni, anaingia na gari la farasi saa sita, anakuja kumwona mkwewe. Shamba ni la mzee. Akisema hapana, Amos hana pa kumpeleka mke.

Utambi: Mama yake alikufa Dorcas akiwa na miaka minne. Miaka kumi na saba nimekaa na yule mtoto kwenye moshi wa mafuta ya ng'ombe, sijawahi kumsikia akiimba. Sasa anasugua sufuria akiimba. Nami nitamwambia nini? "Mwanangu, umekosa mume, baba yako yuko dirishani ana mapembe"?

Mama Skeels akamjazia kikombe bila kuombwa, jambo ambalo hajawahi kumfanyia kiumbe yeyote.

Askofu: Tulia. Ugonjwa hujulikana kwa chanzo chake. Baba yako alikuwa baharia?

Utambi: Alikuwa mtengeneza mishumaa.

Askofu: Mishumaa huenda baharini. Sasa mishumaa ikienda, anayeitengeneza atabaki? Wrenfield ni ndugu yako, mzee. Wahenga walishasema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Utambi: Maana yake nini hapo?

Askofu: Maana yake pua haitoki hewani.

Wino: Achana na Askofu. Hii ni serikali. Mwezi wa pili walikuja dukani wanaume wawili, nguo za kijivu, hawakucheka hata picha moja. Umeshaona mtu asiyecheka picha ya waziri mkuu aliyekaa kwenye chungu cha haja? Hao ni serikali. Wrenfield hawamwezi, yuko Paris. Basi wamechagua pua ya mtu wa kawaida, wakaitangaza, ili kila mtu wa kawaida akiamka asubuhi aiogope pua yake mwenyewe.

Askofu: Yaani wamemkosa mtu, wakakamata pua?

Wino: Kikulacho ki nguoni mwako.

Askofu: Pua haiko nguoni.

Wino: Mwenzio kaja ameificha kwenye koti, we hukuiona?

Mama Skeels: Wanaume mna akili za kuku. Nyie hamjaisikia ile mashine ya Paris?

Wino: Ya kukata vichwa?

Mama Skeels: Ee. Wanatoa kichwa kama mimi ninavyotoa kifuniko cha birika. Haya niambieni: walioweza kukitoa, watashindwa kukipachika? Wrenfield kafika kule, kasema, wenzangu, mimi natafutwa, nibadilishieni. Wakamtafutia kichwa kingine.

Askofu: Kwa hiyo kichwa cha Utambi kiko Paris?

Tukamtazama Utambi shingoni, wote. Na Utambi, nawaapia, akajishika shingo.

Utambi: Sasa hiki nilicho nacho ni cha nani?

Mama Skeels: Hilo mimi sijui, baba. Mimi nauza kahawa.

Hapo wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimenyamaza muda mrefu mno, na Domo akinyamaza watu huanza kutafuta daktari. Basi nikajikohoza kama wakili.

Mimi: Ni mishumaa.

Utambi: Mishumaa gani?

Mimi: Garrod huchora jioni. Huchora kwa mwanga wa nini? Wa mshumaa. Mshumaa kautengeneza nani? Wewe. Umeuinamia siku nzima, pumzi yako imeingia kwenye mafuta, jasho lako limeingia, sura yako imeingia. Ukiwashwa, sura inatoka na moshi, inatua kwenye bamba la shaba. Mchoraji anadhani anachora Wrenfield, kumbe moshi unamwongoza mkono.

Nilidhani watanipiga. Wino akafikiri, akasema kwa unyenyekevu kwamba ni kweli, Garrod hununua mishumaa kwa Utambi. Askofu akavua kofia. Utambi akaniuliza, macho yamemtoka, "Nibadilishe mafuta?"

Msomaji, sogea karibu kidogo, wasisikie. Sisi wachekeshaji wa kutembea tuna kawaida moja. Tukiingia mji mgeni hatuendi kwanza jukwaani, tunakwenda kilabuni. Unaketi pembeni na bilauri yako, unachagua uso mmoja ambao mji mzima unaujua: mwokaji mwenye mashavu, karani asiye na shingo. Usiku ule ule unautengeneza kwa nta na unga, unatoka nao jukwaani kwenye nafasi ya yule mtu mbaya wa mchezo. Watu wanakufa kwa kucheka. Mwenye uso naye anacheka kuliko wote, maana hakuna binadamu anayejijua uso wake. Ndiyo kazi yetu, na mwalimu wangu aliniapisha nisiitoe siri. Sasa miaka miwili nyuma, kwenye maonyesho ya Southwark, nilipewa nafasi ya Wrenfield. Wrenfield mwenyewe hakuna aliyemjua sura. Nikafikiri pua. Pua niliyokuwa nikiitazama kila asubuhi ilikuwa moja. Nta nilinunua dukani kwa Utambi mwenyewe, akanipunguzia bei. Na siku ya pili, mstari wa mbele, aliketi Bwana Garrod na penseli.

Mtauliza, wenzangu wa benchini hawakuniona jukwaani? Marafiki zangu hawa wananipenda sana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulipa kiingilio.

Basi nilikunywa kahawa yangu. Kahawa ilikuwa chungu.

Utambi: Ngojeni! Ngojeni kwanza! Chunjua yangu iko wapi?

Askofu: Kushoto.

Utambi: Na ya Wrenfield pale dirishani?

Askofu akavuka barabara, akatazama, akarudi akiruka kama mbuzi.

Askofu: Kulia! Picha zote, kulia! Umeokoka, mzee! Si wewe! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Wakakumbatiana. Mama Skeels akapiga kifuniko cha birika kama kengele. Mimi mwenyewe nilihisi nimesamehewa dhambi. Ni Wino peke yake aliyebaki ameinama, anafuta vidole kwenye suruali.

Wino: Samahanini. Bamba la shaba ukichora kushoto, karatasi inatoa kulia. Mchoraji mwangalifu huchora kinyume ili itoke sawa. Garrod ni mvivu, huchora hivyo hivyo alivyoona.

Utambi: Kwa hiyo?

Wino: Kwa hiyo ingekuwa kushoto, ingekuwa ya mtu mwingine. Kwa vile iko kulia, ni yako kabisa.

Utambi akaketi tena. Kengele ya kanisa ikagonga saa tano na nusu.

Tukaanza sasa kupiga akili za dharura. Askofu alitaka tununue picha zote. Wino akasema Garrod atafurahi, atachapa nyingine kabla ya chakula. Mama Skeels alitaka benchi ligeuzwe litazame ukuta, mgeni akae kisogo kwa dirisha; tukajaribu, tofali likatoka, Askofu akaanguka na kikombe. Mwisho nikasema, kwa kuwa mimi ndiye fundi wa nyuso, tumfunge bandeji. Ni nyuki, amemuuma puani, nta huvuta nyuki, kila mtu anajua. Kitambaa hatukuwa nacho isipokuwa kile cha kuchujia kahawa. Nikamzungushia mara tatu. Akabaki macho na mdomo, ananuka kama birika.

Utambi: Domo, wewe ni rafiki wa kweli.

Nilitazama chini. Kulikuwa na mdudu kwenye mawe ya njia, nikamtazama yeye.

Saa sita ikagonga. Na kutoka upande wa kituo cha magari ya farasi akaja mtu mrefu, koti jeusi la kanisani, mfuko wa ngozi begani, na shingoni, siku ya Juni ambayo mbwa walikuwa wamelala kwenye mifereji, skafu nzito ya sufu. Imezungushwa mpaka chini ya pua. Alikuwa macho na pua tu. Nikamtazama, nikamtazama Utambi. Ukiwaunganisha ungepata mtu mmoja mzima.

Ottway: Natafuta kwa Bwana Crimble, mtengeneza mishumaa.

Utambi: Ndiye mimi, mzee wangu. Karibu sana. Starehe.

Ottway: Ottway. Baba yake Amos. Nashukuru. Naona... puani umepatwa na nini, bwana?

Utambi: Nyuki.

Ottway: Pole sana.

Utambi: Nawe mzee? Shingoni?

Ottway: Jino.

Utambi: Pole sana.

Ottway: Pole na wewe.

Mama Skeels akampa mgeni kikombe, na mgeni akakishika tu, hakuweza kunywa, mdomo uko ndani ya sufu. Askofu, ambaye ukimya humuumiza kama kiatu kipya, akatoa methali.

Askofu: Jogoo wa shamba hawiki mjini.

Ottway: Samahani?

Askofu: Nasema karibu.

Na hapo, watu wangu, mzee Ottway akageuka kuweka mfuko wake benchini, akaliona dirisha.

Akalitazama. Akaweka kikombe chini taratibu. Akavuka barabara, hatua kumi na mbili, nasi tunazihesabu kimoyomoyo. Akasimama mbele ya Wrenfield wa mapembe. Akasogea kwa Wrenfield wa toroli. Akainama kwa yule mwenye majani kichwani, akakaribisha uso mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Utambi alinishika goti kwa nguvu mpaka leo nina alama.

Utambi: Amekwisha niona.

Wino: Hajakuona. Umefungwa.

Utambi: Ameniona, Wino. Mwanangu basi tena.

Ottway akarudi. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Alipofika benchini ndipo tulipojua kwamba hatetemeki kwa hasira.

Ottway: Huyu ndiye Wrenfield wenu?

Wino: Ndiye, mzee.

Ottway: Yuko hivi London nzima?

Wino: Nzima. Nimemchapa kwa mikono yangu.

Ottway: Lakini... mbona hana kidevu?

Akaanza kufungua skafu. Alizungusha mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kila akizungusha kidevu kilizidi kuja. Nimeona videvu jukwaani na mitaani. Hiki kilikuwa kama kiatu kilichosahauliwa nje ya mlango. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa jagi la udongo, jagi la bia lenye umbo la kichwa cha mtu, lina mapembe mawili ya kushikia, na mbele ya yote, kwenye mdomo wa kumiminia, kile kile kidevu.

Ottway: Huyu ndiye Wrenfield wetu. Mfinyanzi wa Stoke Pelling ameyafanya mia tatu. Kila kilabu kutoka kwetu mpaka pwani watu wananimimina. Naingia kanisani kukusanya sadaka, watoto wa kwaya wanajiuma midomo wasicheke. Mchungaji akihubiri juu ya makafiri, kanisa zima linageuka kwangu. Nilikuja hapa nimefungwa sufu, nimetoka jasho tangu Rochester, nikiogopa kwamba Bwana Crimble akikiona hiki kidevu atasema, binti yangu haendi kwenye nyumba ya kafiri.

Utambi akaanza kufungua kitambaa cha kahawa. Ottway akatazama pua. Akatazama dirisha. Akatazama pua tena. Alichofanya baadaye hakina jina kwenye adabu za mzee wa kanisa: alipiga yowe la furaha, akaishika ile pua kwa vidole viwili, kama mtu anayepima tango sokoni, na Utambi naye akakishika kidevu, wakasimama hivyo katikati ya barabara wakicheka na kulia, gari la maziwa likawazunguka. Kutoka ghorofani, juu ya duka la Utambi pale jirani, tukasikia dirisha linafunguka, na kichwa cha Dorcas kikatoka na sufuria mkononi.

Dorcas: Baba! Ni sawa?

Utambi: Ni sawa, mwanangu! Endelea kuimba!

Wakaketi. Ottway akanywa kahawa yake kwa mkupuo mmoja, akaomba nyingine, akalegea, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kile kijitabu cha Wrenfield amekisoma. Si kwa kupenda. Muuza jibini alimfungia jibini kwenye kurasa zake.

Ottway: Kina maneno mazuri juu ya maskini. Ukurasa wa mbinguni ulikuwa na mafuta mengi, sikuuelewa vizuri. Msimwambie mchungaji. Lakini mimi ni mtu wa shamba, naomba kuuliza. Ninyi mko hapa kila siku, mko mbele ya dirisha lenyewe. Kati yenu nani amewahi kumwona huyu Wrenfield? Kwa macho?

Wino akatazama vidole vyake. Askofu alifungua kinywa kutoa methali, akakifunga, na katika miaka kumi na miwili sijawahi kuona jambo hilo. Mama Skeels akatikisa birika, lilikuwa tupu.

Ottway: Basi sura hizi zimetoka wapi? Ya kwetu najua. Mwaka juzi waigizaji walicheza ghalani kwangu. Akatoka mmoja, anamwigiza Wrenfield, ana kidevu hicho. Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye majani. Nikaona kijiji kizima wananitazama mimi badala ya jukwaa. Nilidhani wananiheshimu.

Hapa mwenye akili angeaga. Mimi nilijibana kwenye pembe ya benchi, kofia usoni, nikajiambia, Domo, vumilia, wataondoka kwenda kula. Stoke Pelling! Nilikuwa nimeisahau. Kilabu kile chenye dari fupi, na mzee mmoja karibu na moto, kidevu chake kinaingia kwenye bia kabla ya midomo. Ningevumilia. Wallahi ningevumilia, kama Ottway asingeongeza neno.

Ottway: Yule mwigizaji mwenyewe alikuwa wa kawaida tu. Kilichochekesha ni kidevu.

Mimi: Wa kawaida?

Nilikuwa nimeshasimama juu ya benchi. Sikujua nimepandaje.

Mimi: Wa kawaida! Bwana, mke wa mwokaji alizimia! Na ile nilipoingia kinyumenyume nikidhani mfalme yuko mbele? Na kile kikohozi? Kile kikohozi nilikitafuta miaka mitatu! Kidevu bila kikohozi ni nini? Ni nta tu! Southwark sikuwa na kidevu, nilikuwa na pua, na walicheka vile vile!

Nikawafanyia pale pale, kuingia kinyumenyume, kikohozi, na kuinama kwa mwisho, mkono kifuani. Nilipoinuka, hakuna aliyepiga makofi.

Utambi alikuwa ameshika kile kitambaa cha kahawa kwa mikono miwili.

Utambi: Domo. Ile nta niliyokupunguzia bei.

Mengine sina haja ya kuyapanga. Ndoa ilitangazwa mara ya tatu, ikafungwa Agosti, nilialikwa, nikawekwa meza ya nyuma pamoja na farasi. Wino alikwenda kwa Garrod na habari nzima, na Garrod, ambaye si mtu mbaya, akayafuta mabamba yote, akaketi mchana mmoja mbele ya benchi letu na penseli yake, akachora Wrenfield mpya, safari hii akakumbuka kuchora kinyume. Pua ya Utambi haimo, kidevu cha Ottway hakimo. Ni mimi, mapembe na toroli na yote, nimejaa dirisha zima.

Wiki ya tatu sasa. Watu wanasimama, wanatazama, wanaendelea na safari zao. Garrod amebadilisha rangi, ameongeza shetani wa pili, ameweka na nguruwe. Hakuna aliyecheka. Anasema mchoro ni safi, nguruwe ni mzuri, tatizo ni sura.